Debe la Maji ya Breki

Fundi Eustace sikumpenda. Naanza hapo kwa sababu tangu wamzike, mji mzima wa Morogoro umegeuka rafiki yake, na kila nikipita Mji Mpya nakutana na mtu ananipa pole kana kwamba msiba ni wangu. Si wangu. Yule mzee alinitukana miaka na miaka, na mimi sikumwachia tusi hata moja bila kulijibu. Lakini kama kuna wa kueleza alikuwa mtu wa namna gani, basi ni mimi, maana hao wanaolia leo walikuwa wakimkimbia.

Alikuwa Mpogoro wa Mahenge, mrefu, mkavu, shingo imezama mabegani kwa sababu ya kulala chini ya magari. Ufundi alifundishwa na mabruda wa misheni akiwa kijana, kisha akaajiriwa karakana ya kampuni moja ya umma ya usafirishaji hapa mjini, akakaa humo miaka ishirini na miwili. Kampuni ilipokufa, katika miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, wenzake wengine waliuza mitumba, wengine wakarudi kulima, wengine wakanywa mpaka wakaisha. Eustace alifungua gereji yake Mji Mpya, kibanda cha mabati na shimo la kuingilia chini ya gari, akaandika ukutani kwa rangi nyeupe kwamba haruhusu sigara wala vipuri vya madukani.

Hivyo vipuri vya madukani ndivyo vilivyokuwa vikimchoma. Kila wiki duka jipya la spea lilikuwa linafunguliwa, limejaa vitu vya Dubai na Taiwani, na kwa Eustace kila mwenye duka alikuwa mlanguzi. Neno hilo watu walikuwa wameshalisahau pamoja na foleni za sukari na sabuni, lakini yeye alilitunza. Na katika walanguzi wake wote, namba moja nilikuwa mimi, Editha, mama Deo, muuza kabichi.

Sababu ilikuwa Landrova. Kampuni yao ilipopiga mnada wa magari, nilisimama na kitenge changu katikati ya wanaume, nikainua mkono, nikaondoka na Landrova ndefu ya mzigo. Nilikuwa nimechoka kubembeleza magari ya watu kule kwetu Nyandira, juu kabisa milimani, huku kabichi na karoti zangu zinanyauka kando ya barabara. Sikujua kwamba fundi aliyeitunza gari ile miaka kumi na mmoja alikuwa amesimama nyuma yangu. Alinifuata mpaka getini.

"Mama, umenunua mali ya wananchi," akaniambia.

"Na mimi mwananchi," nikamjibu, nikapanda gari langu. Hatukusameheana hata siku moja kuhusu maneno hayo mawili.

Utauliza kwa nini basi nilimpelekea gari. Nilimpelekea kwa sababu nilikwishazunguka kwa mafundi wote kuanzia Msamvu hadi Kihonda, na wengine walifungua boliti wakasahau zilikotoka. Eustace aliijua Landrova ile kwa mlio tu. Ikiingia uwanjani kwake, kabla dereva hajazima injini, anakuambia kilichoharibika, kisha anakutukana. Nilikwenda kwake kama mtu anavyomeza klorokwini. Shikamoo nilimpa, maana nimelelewa, na marahaba yake ilitoka kama anatema kitu.

Barabara ya kwetu inabidi uijue ndipo unielewe. Ukitoka Nyandira unashuka Langali, unashuka Mgeta, unashuka tena mpaka Sangasanga kwenye lami, kona juu ya kona, upande mmoja mlima, upande mwingine bonde ambalo ukidondosha karoti huisikii ikifika. Alhamisi, siku ya gulio, Landrova yangu ilishuka na magunia mpaka juu, na juu ya magunia wanawake kumi na mmoja, wengine na watoto mgongoni. Ndiyo maana wanawake wa gulioni kwetu wana sharti lao la tangu zamani: fundi akigusa breki za gari, safari ya kwanza ya kushuka anapanda juu ya mzigo pamoja nao. Mafundi wengi walilitii, wakanung'unika. Eustace alilikataa mbele yangu.

"Mimi ni fundi," alisema. "Siyo gunia."

Basi mwezi wa kwanza wa mwaka tisini na sita gurudumu la nyuma lilianza kuvuja. Nikaipeleka gari kwake. Akafungua, akabadili raba ndogo iliyoko ndani ya silinda ya gurudumu, akajaza maji ya breki kutoka debe lake.

Debe hilo nalo lina habari yake. Siku karakana ilipofungwa, mtunza stoo alimpa Eustace debe moja la maji ya breki, lenye mhuri wa kampuni ubavuni. Ukiacha barua ya kupunguzwa kazi, hicho ndicho alichotoka nacho baada ya miaka ishirini na miwili. Alilihifadhi miaka yote hiyo bila kuligusa, akalifungua Krismasi iliyopita tu, akiba yake nyingine ilipokwisha. Kila mteja alihubiriwa juu ya debe hilo. "Hii ni mali ya serikali," alikuwa akisema, akilipigapiga. "Haijapita mkononi kwa mlanguzi."

Wiki tatu baadaye dereva wangu Ignas akaniambia pedali imelegea. Ignas ni mtu mzima, si mtu wa kelele. Alisema ukikanyaga inaingia kama unakanyaga ugali, na mpaka ukanyage mara mbili ndipo ishike. Tukarudi kwa Eustace. Akatoa upepo kwenye mabomba, akaongeza maji kutoka debe lake, akamwambia Ignas ana mguu wa punda. Pedali ikapata nguvu. Siku kumi baadaye ikalegea tena, sasa mara tatu ndipo ishike. Tukarudi. Akatoa upepo tena, akaongeza tena, akanitukana tena.

Kisha ikaja Alhamisi ya pili ya mwezi wa tatu. Tulikuwa tunashuka chini ya Langali, mimi nimekaa mbele na Ignas, mvua imenyesha asubuhi. Nikamwona anakanyaga mara moja, mbili, tatu, nne, na goti lake linashuka mpaka chini na gari halijali. Hakupiga kelele. Akaitia gia ya kwanza, injini ikalia, akavuta breki ya mkono, akaipeleka Landrova ubavuni kwa mlima. Tuligonga udongo. Magunia yakaruka, kabichi zikaenda zao bondeni, na wanawake wakamwagika barabarani. Hakufa mtu. Mwamvita, ambaye nimeuza naye mboga tangu tukiwa wasichana, alivunjika mkono mahali pawili, na alipoinuka akanitazama mimi, siyo Ignas.

"Fundi wako alipanda?" akaniuliza.

 Gari lilikuwa langu, sharti lilikuwa letu sote, na mimi ndiye niliyemwacha yule mzee alipuuze kwa sababu nilikuwa na haraka ya soko. Nilijichukia, na chuki ile nilijua pa kuipeleka.

Ijumaa asubuhi tuliikokota Landrova mpaka Mji Mpya. Sikutoa shikamoo.

"Umetaka kuniulia watu," nikamwambia. Uwanja wake ulikuwa na watu, mafundi wa jirani, wapiga debe, mama ntilie na wateja wake. Wote wakasogea wasikie.

Eustace alikuwa anafuta spana. "Mimi?" akasema. "Wewe ndiye unataka kuniulia jina. Gari linatoka hapa zima, linarudi bovu. Katikati nani amelishika? Huyu wako." Akamwelekeza Ignas spana.

"Tengeneza, halafu useme."

"Nitatengeneza, na nitasema."

Kazi yake, wacha nimpe haki yake, ilikuwa ya kutazamwa. Landrova ile ina mipira mitatu inayopeleka maji ya breki kwenye magurudumu, miwili mbele na mmoja nyuma. Akachukua makoleo matatu ya kujifunga, akayazungushia matambara, akaibana mipira yote mitatu ili maji yasiende popote. Akamwambia Ignas akanyage. Kama ubovu uko magurudumuni, alieleza bila kumtazama yeyote, sasa pedali itakuwa ngumu kama jiwe. Ignas akakanyaga. Pedali ikazama taratibu.

"Masta silinda," Eustace akasema. "Maji yanarudi nyuma ndani kwa ndani." Akaifungua ile silinda kubwa iliyo karibu na pedali, akasukuma vilivyomo vikatoka kwenye kiganja chake. Raba zake zilikuwa zimevimba kama maandazi, laini, zinanata. Akaenda gurudumu la nyuma, akafungua raba ile aliyoiweka yeye mwenyewe miezi miwili nyuma. Imevimba vilevile. Akazipanga zote kwenye gazeti, na nikamwona anatabasamu. Sijawahi kuona tabasamu baya vile.

"Raba hazizeeki hivi," akawatangazia watu wote. "Raba hizi zimelishwa oili. Oili ya trekta. Inaibwa kwenye mashamba ya miwa, inauzwa kwenye chupa kama maji ya breki, na madereva wezi wananunua ili kinachobaki waweke mfukoni. Wewe, lete chupa yako."

Ignas alikuwa na chupa ya kuongezea njiani, ameinunua kwa Abdi, mwenye duka la spea karibu na soko. Akaileta. Alikuja nayo akiangalia chini, maana mtu akishaitwa mwizi mbele ya umati hata mkweli huinamisha kichwa.

Eustace akaomba glasi ya maji safi kwa mama ntilie, akaiweka juu ya pipa, mahali kila mtu ataona. "Maji ya breki ya kweli," akasema, "ukiyatia kwenye maji yanayeyuka, huyaoni tena. Oili haikubali. Itakaa juu, itang'aa, itawaaibisha waliokuwa wanaificha." Akachovya kijiti kwenye chupa ya Ignas, akadondosha tone.

Tone likazama, likayeyuka. Glasi ikabaki nyeupe.

Mtu mmoja akacheka. Eustace akadondosha la pili, na la tatu. Yote yakayeyuka. Akasema glasi ina sabuni. Mama ntilie akamjibu kwamba glasi zake ni safi kuliko roho yake, akaleta nyingine. Likayeyuka tena.

Hapo ndipo niliposema. Sikuwa najua lolote, ninaapa. Nilisema kwa uchungu tu, nimkomeshe.

"Sasa tia na lako. Tia debe la serikali tulione."

Alicheka kwa dharau. Akaenda ndani mwenyewe, akalileta debe amelibeba kwa mikono miwili, akaligeuza mhuri uwaelekee watu. Akachovya kijiti kingine, kipya, akadondosha.

Tone likakaa juu. Likatanuka polepole, likawa duara lenye rangi za upinde wa mvua, likagusa kingo za glasi likatulia hapo.

Nilifurahi. Sitadanganya. Nilifurahi mpaka kifua kikauma, nikaangua kicheko, nikapiga makofi. "Haya, mlanguzi ni nani?" nikamwuliza mbele ya watu wote. "Niambie, fundi, mlanguzi ni nani leo?" Na watu wakacheka nami, kwa sababu kila mmoja pale alikuwa ameshatukanwa naye.

 Eustace alichukua chupa kubwa ya kioo, akamimina ndani yake kutoka kwenye debe mpaka chupa ikajaa, akaiacha juu ya pipa itulie. Tukaona sote. Juu ilikuwa oili tupu, nene, na chini kabisa, kimo cha vidole viwili, ndiyo yalikuwa maji ya breki. Mtu fulani katika stoo ile, mwaka fulani, alikuwa ameuza yaliyokuwemo akajazia debe kwa oili ya matrekta, akalifunga vizuri na mhuri wake. Huenda ni mtunza stoo yuleyule, huenda ni mwingine kabla yake. Serikali yake ilikuwa imemwibia hata katika zawadi ya kuagana, na yeye alikuwa ameilinda zawadi hiyo miaka yote dhidi yetu sisi.

Alikaa kwenye tairi kuukuu. Nilipoona midomo yake inatembea nilidhani anasali. Alikuwa anahesabu.

"Tangu Krismasi," akasema. "Magari tisa."

Kicheko kikafa. Ukiondoa langu, yalibaki manane, nayo yote yalikuwa barabarani saa ile.

Mchana ule Eustace alikwenda dukani kwa Abdi kwa miguu yake, mahali alipoapa hataingia mpaka kufa. Sikwenda kumtazama, lakini waliokwenda walisema alisimama kaunta kama mtu aliyekuja kujisalimisha polisi. Akarudi na raba mpya za masta silinda na za magurudumu yote, mipira mitatu mipya, na chupa za maji ya breki ambazo kila moja aliifungua na kuijaribu kwenye glasi. Mabomba aliyaosha kwa spiriti mara tatu, akayapuliza kwa mdomo mpaka mashavu yakavimba. Mipira ile ya zamani aliikatakata kwa kisu ili asije mtu akaiokota.

Jumamosi kulikuwa na kazi ya kutoa upepo, na kazi hiyo inataka watu wawili. Ignas alikuwa ameitwa polisi kuandikisha maelezo ya ajali. Nikabaki mimi.

"Panda," Eustace akaniambia, hakuniangalia. "Nikisema kanyaga, kanyaga. Nikisema shikilia, usiachie hata ukiumwa na nyuki. Ukiachia kabla sijafunga, upepo unaingia na tunaanza upya."

Akaenda chini ya gurudumu la mbali zaidi, la nyuma kushoto. Nikasikia sauti yake kutoka ardhini. Kanyaga. Shikilia. Achia. Kanyaga. Shikilia. Mwanzoni mguu wangu ulizama mpaka chini bila kukutana na kitu, na nikakumbuka goti la Ignas. Tukahamia gurudumu la pili, la tatu, la nne. Mara mbili niliachia mapema, akanitukana, nikamtukana, tukaanza upya. Mguu uliniuma mpaka nyonga. Saa nane na nusu nikakanyaga na pedali ikagoma. Iliingia kidogo, ikakutana na ukuta, ikakaa. Nikaikanyaga kwa nguvu zangu zote na haikusogea.

"Ngumu?" akauliza kutoka chini.

"Ngumu."

"Ishikilie uhesabu mpaka ishirini. Ikishuka hata kidogo uniambie. Usinidanganye, mama Deo."

Nikahesabu mpaka ishirini. Haikushuka.

"Alhamisi unapanda juu ya mzigo," nikamwambia alipotoka. "La sivyo nakuleta kwa kamba."

"Nitapanda," akasema.

Siku zilizobaki alizitumia kutafuta yale magari mengine. Aliwafuata wenyewe nyumbani, akawaambia waziwazi kwamba aliwatilia uchafu na anataka kuutoa bure. Mmoja alimpiga kofi. Mwingine alimfukuza, akaita fundi mwingine, jambo ambalo Eustace alisema ni sawa mradi raba zimetupwa. Kufikia Jumatano jioni alikuwa amemaliza saba. La nane lilikuwa pikapu ya Kibwana.

Huyu Kibwana alikuwa mfanyabiashara aliyeingia milimani kwetu mwaka uliopita na pikapu yake ya Kijapani, akanichukulia abiria na mizigo kwa maneno matamu. Naye pia simpendi. Wiki ile alikuwa amelala huko huko juu akikusanya viazi, na ilijulikana kwamba Alhamisi atapakia gulioni kama sisi.

Tulipanda Alhamisi asubuhi, Ignas akiendesha, Eustace nyuma kwenye bodi tupu. Tulipofika Langali tukasimama injini ipoe, nikaenda kumwona. Alikuwa amekamata bomba la ubavuni mwa bodi kwa mikono yote miwili, uso umepauka, macho yako bondeni.

"Zaidi ya miaka ishirini na miwili natengeneza breki za barabara hii," akasema. "Sijawahi kuipanda."

"Ndiyo maana," nikamwambia, nikarudi mbele.

Gulioni Nyandira pikapu ya Kibwana ilikuwa imeshajaa. Magunia ya viazi, na juu yake wanawake tisa, mmoja na mtoto wa wiki chache. Injini ilikuwa inanguruma. Eustace alishuka kwenye Landrova kabla haijasimama vizuri, akaanguka, akainuka, akaenda mpaka mbele ya pikapu akasimama hapo.

"Zima," akasema. "Breki zako nimeziharibu mimi."

Kibwana akatoa kichwa dirishani. Kwanza alicheka. Kisha akaniona mimi nyuma ya Eustace, na akaelewa kwa jinsi yake. "Ahaa! Editha kakutuma," akasema kwa sauti ya kusikika soko zima. "Wiki iliyopita kamwaga watu barabarani, leo anataka abiria wangu. Toka mbele, mzee."

Na watu walimwamini. Ningekuwa wao ningemwamini pia. Wanawake juu ya viazi wakaanza kunizomea, wengine ni ndugu zangu kabisa wa ukoo. Kibwana akaipiga honi, akaisogeza pikapu mpaka bampa ikagusa mapaja ya Eustace. Mzee hakusogea.

"Unasema breki zako nzima," Eustace akasema. "Kanyaga basi. Fungua mlango watu waone mguu wako. Kanyaga uishikilie, watu wahesabu mpaka ishirini. Isiposhuka, nipitie juu."

Kibwana hakuwa na namna. Soko lote lilikuwa limezunguka. Akafungua mlango, akanyoosha mguu, akakanyaga. Watu wakaanza kuhesabu kwa sauti, kwa mzaha, kama watoto wa shule. Moja. Mbili. Tatu. Kufika tano goti la Kibwana lilikuwa limeanza kushuka, na kufika nane kila mtu aliyekuwa karibu na mlango alikuwa ameliona. Sauti zikapungua. Aliyekuwa na kichanga alimpa mtu mtoto wake, akashuka kwa kukanyaga gurudumu, akampokea tena. Tisa. Kumi. Wakawa wanashuka mmoja mmoja huku wachache waliobaki wanahesabu. Kumi na nne, na pedali ikafika sakafuni. Kibwana aliendelea kuikanyaga pale chini, kama vile inaweza kubadili nia.

Akazima injini. Hakuna aliyemcheka, na mimi ambaye ningeweza, sikuweza.

Wale wanawake walikuwa na mboga za kuwahi, na mawingu yalikuwa yanakusanyika juu ya mlima wa Lukwangule. Landrova yangu ilikuwa imeanza kupakia kabichi zangu, na nilijua bei ya kabichi ikikosa soko la Ijumaa inakuwaje. Nikamwambia Ignas ashushe.

"Zote?" akauliza.

"Zote. Pakia hawa. Na wewe, fundi, panda juu. Mimi nabaki na huyu." Nilimaanisha Kibwana, ambaye hakuweza kuiacha pikapu yake, na mtu hakuwepo wa kunilindia kabichi.

Eustace alipanda. Wanawake walimwachia nafasi pembeni kabisa, peke yake, hakuna aliyemsemesha. Landrova ikaondoka. Mimi nikaenda ukingoni mwa uwanja wa gulio, mahali unapoiona barabara ikizunguka chini mpaka inapopotea nyuma ya kilima kile ambapo Mwamvita alivunjika mkono. Nikawa nasikiliza. Kila kona nilisikia injini inashuka sauti, kisha kimya kidogo, kisha inapanda. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unakanyaga ardhi na sikuwa najua kama unakanyaga.

Kibwana akaja akasimama karibu nami. "Una hakika na zile breki?" akauliza, bila ushari.

 Gari lilikuwa limeingia nyuma ya kilima, na lilikawia. Lilikawia sana, au mimi nilikuwa nimesahau jinsi watu wanavyopumua. Kisha likatokea upande wa pili, dogo, linakwenda taratibu, na watu wako juu yake.

Ndugu zangu wale wa ukoo walikuwa juu ya gari lile, na watoto wao. Lakini macho yangu yalikwenda kwanza kumtafuta yule mrefu aliyekaa peke yake pembeni, kama bado yupo, na nilipomwona ndipo nikakumbuka kuwatazama wengine. Hilo sijamwambia mtu mpaka leo.